Beetle ya 1969 kazini kila siku: kwa nini inazimika kwenye foleni ya jioni

Tuchukue gari moja tu tulichambue. Ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1969, usukani kulia, injini ya sentimita za ujazo 1285 yenye nguvu farasi 40, umeme wa volti 12. Mwenye gari anaishi Kimara na ofisi yake iko Posta, Dar es Salaam. Njia yake ni Morogoro Road, kama kilomita 16 kwenda na nyingine 16 kurudi, ila zile za jioni huweza kuchukua saa mbili. Hana gari lingine. Beetle hii haitolewi Jumapili tu kwa ajili ya picha. Ndiyo usafiri wake wa kazini, jua na mvua.

Asubuhi gari halina neno. Jioni likishapita Magomeni na kuingia Manzese, injini inaanza kumisi, inakosa nguvu, na kabla ya kufika Ubungo inazima. Stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki. Kifuniko cha nyuma kikiachwa wazi kwa nusu saa hivi, inawaka kwa mara ya kwanza na kumfikisha nyumbani. Ameshabadilisha pampu ya petroli, kabureta na plagi, na hali ni ileile. Fundi wa mwisho alimshauri aondoe pampu ya asili na kufunga ya umeme.

Jibu ambalo wengi hulitoa kwa kisa kama hiki ni kwamba gari limezeeka. Hatukubaliani nalo. Gari linalowaka kila asubuhi bila shida lina hitilafu mahususi, na hitilafu hii hujitokeza injini ikiwa moto. Kulipeleka gereji asubuhi likiwa limepoa ni kazi bure, maana fundi atakuta kila kitu kizima na atabaki kubahatisha kwa kubadilisha vipuri. Lazima lipimwe palepale linapozimika, ndani ya dakika tano za kwanza.

Vipimo viwili vya barabarani

Injini ya petroli ikizima ghafla ikiwa moto, imekosa petroli au imekosa cheche. Kujua ipi kati ya hizo mbili hakuhitaji kifaa cha bei kubwa.

Kwanza petroli. Toa boksi la chujio la hewa juu ya kabureta, chungulia kwenye koo lake, kisha vuta kwa vidole kile kijifimbo cha kabureta kinachovutwa na kebo ya mafuta. Kijibomba kidogo cha shaba kilicho kooni lazima kirushe mstari wa petroli kila unapovuta. Kikirusha, kabureta ina petroli. Kisiporusha, petroli imegeuka mvuke kwenye pampu au kwenye bomba, au pampu haisukumi.

Pili cheche. Chomoa waya mnene wa katikati ya kifuniko cha distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa silinda), uchomeke kwenye plagi ya akiba, na ilaze plagi hiyo juu ya bati safi la injini. Mwambie mtu azungushe stata, ukiwa umeshaondoa kila dalili ya petroli iliyomwagika. Cheche ya bluu inayolia ni nzima. Cheche ya njano iliyofifia, au kukosekana kabisa, inakupeleka kwenye koili inayokuza umeme wa betri kuwa cheche, pointi ambazo ni swichi ndogo ndani ya distribyuta inayofunga na kukata umeme wa koili, na kondensa inayozikinga pointi hizo zisiungue.

Kwenye gari hili petroli iliruka vizuri, na cheche haikuwepo. Kitambaa kilicholowa maji kilipozungushiwa koili kwa dakika chache, cheche ilirudi na injini ikawaka. Pampu na kabureta zilizonunuliwa hazikuwa na kosa lolote.

Hata hivyo hatushauri kuishia hapo. Koili ilikuwa inakufa kwa joto, na joto hilo lilikuwa na vyanzo vitatu. Ukibadilisha koili peke yake, gari litaacha kuzimika na mwenyewe ataona limepona, huku injini ikiendelea kuungua polepole hadi vali ikatike.

Koili isiyo yake

Koili ya Beetle ya volti 12 inayotumia pointi huwa na ukinzani wa takriban omu 3 hadi 4 kati ya vichwa vyake viwili vidogo, namba 15 na namba 1. Iliyokutwa hapa ilisoma omu 1.5. Hiyo ni koili ya gari ambalo kiwandani lilifungwa rezista ya kupunguza umeme, na hapa ilifungwa bila rezista hiyo. Kwa umbo haina tofauti na ya asili, inaingia kwenye kamba yake bila shida, na injini inawaka. Ndiyo maana hakuna aliyeishuku.

Piga hesabu. Kwa volti 12, koili ya omu 3.4 hupitisha kama ampea 3.5 pointi zikiwa zimefunga, yaani wati 42. Ile ya omu 1.5 hupitisha ampea 8, yaani wati 96. Joto la ndani linazidi mara mbili, na pointi zinaungua kwa sababu zinakata umeme zaidi ya uliokusudiwa. Kwenye mwendo hewa huisaidia kupoa. Kwenye foleni hakuna hewa, na ufunguo ukiachwa umewashwa huku injini imezima na pointi zimefunga, koili inapikwa bila hata kufanya kazi.

Dawa: koili ya omu 3 hadi 4, pointi mpya zenye nafasi ya milimita 0.4, kondensa mpya, na ukaguzi wa rota (kipande kinachozunguka ndani ya distribyuta) na kifuniko chake. Kabla ya kununua, beba mita uipime koili palepale kaunta. Halafu pima volti kati ya kichwa chanya cha betri na namba 15 ya koili, ufunguo ukiwa umewashwa na pointi zimefunga. Ikizidi volti 1 kuna kutu kwenye viungio vya waya au swichi ya ufunguo imechoka, maana umeme wa koili kwenye Beetle husafiri kutoka betri hadi dashibodi na kurudi nyuma kabisa.

Joto linatoka wapi

Injini ya Beetle haina maji wala rejeta. Feni iliyoungwa kwenye mhimili wa jenereta inazunguka karibu mara mbili ya kasi ya injini, inavuta hewa ya baridi inayoingia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma, inaisukuma kupitia boksi la feni hadi kwenye mapezi ya silinda, kisha hewa hiyo iliyopata moto inatoka chini ya gari. Mfumo wote unategemea jambo moja: hewa ya juu na hewa ya chini zisikutane. Mabati yanayozunguka injini, pamoja na mpira mrefu unaoziba ukingo kati ya mabati hayo na bodi, ndiyo ukuta unaozitenganisha.

Hapo ndipo gari hili lilipoharibiwa, na si kwa ubaya. Mpira wa ukingoni ulikuwa umeoza na robo tatu yake haipo. Vipira vinavyoziba tundu la kila plagi vilikuwa viwili kati ya vinne. Bati la nyuma, lile lililo juu ya silensa, lilitolewa siku injini iliposhushwa na halikurudishwa. Mtu akiona gari linatembea bila kipande fulani huamini kipande hicho ni pambo. Matokeo yake, gari likisimama, hewa ya moto inapanda kutoka kwenye eksozi na feni inaivuta tena. Injini inapoozwa kwa moshi wake yenyewe.

Kosa la pili ni la kawaida sana kwenye miji ya joto. Kwa kuwa Dar es Salaam hakuna anayehitaji hita, maboksi ya hita yaliondolewa na kufungwa bomba za eksozi tupu. Uamuzi huo haukuwa na ubaya. Ila boksi la feni lina midomo miwili, kushoto na kulia, iliyokuwa ikipeleka hewa kwenye hita hizo, na midomo hiyo iliachwa wazi. Sehemu ya hewa ya kupooza silinda ilikuwa inamwagika pembeni bila kugusa injini. Vifuniko viwili vya mpira au bati vinamaliza tatizo. Kama maboksi ya hita bado yapo, usizibe: yaache na mipira yake ya hewa iliyokamilika, maana boksi lisilopitisha hewa ya feni nalo hukaa na moto chini ya injini.

La tatu ni taimingi, yaani cheche iruke lini kabla ya pistoni kufika juu kabisa. Distribyuta ya asili, yenye kikombe kinachosogeza taimingi kwa mvuto wa hewa ya kabureta, ilikuwa imetolewa na kuwekwa ya aina ya 009 isiyo na kikombe. Fundi aliiweka kwa sikio, akisogeza hadi injini ilipochangamka. Ilipopimwa kwa taa ya taimingi ilisoma nyuzi 38 kwenye mizunguko 3000 kwa dakika. Kikomo cha distribyuta hiyo ni nyuzi 28 hadi 32. Cheche inayowahi kiasi hicho inaipandisha joto silinda kupita kiasi, na kwenye injini yenye kelele za feni dereva huenda asisikie mlio ule wa injini kugonga.

Kwa gari la foleni sisi tunapendelea distribyuta yenye mvuto wa hewa. Ile ya 009 husita unapokanyaga mafuta kutoka kusimama, na foleni ni kuondoka na kusimama mamia ya mara. Kwenye injini hii taimingi ni nyuzi 7.5 kabla ya pistoni kufika juu kabisa, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Kama alama za puli hazieleweki, na puli nyingi zimeshabadilishwa, zungushia puli utepe wa kupimia, gawanya mzingo wake kwa 48, na umbali huo uweke alama kulia mwa alama ya juu kabisa. Funga balbu ya majaribio kati ya namba 1 ya koili na bodi, washa ufunguo, na legeza distribyuta uizungushe taratibu hadi balbu iwake wakati alama hiyo iko kwenye mstari wa kati wa injini.

Silinda namba 3

Injini za mwaka huu zina kipoza oili kilichosimama ndani ya boksi la feni, upande wa kushoto, juu ya silinda namba 3. Hewa inayoifikia silinda hiyo imeshapita kwenye oili ya moto. Kwa hiyo namba 3 ndiyo ya kwanza kuumia injini ikichemka, na vali yake ya eksozi ndiyo inayorefuka, inakatika shingo, na kutoboa pistoni. Kuanzia modeli ya 1971 kiwanda kilikisogeza kipoza hicho kwenye kijumba chake nyuma ya boksi.

Nafasi ya vali, yaani uwazi kati ya shina lake na mkono unaoisukuma, ni milimita 0.15 kwa zote, injini ikiwa imepoa kabisa, yaani imelala usiku kucha. Kwenye gari la kisa hiki vali saba zilikuwa karibu na kipimo. Ya eksozi ya namba 3 haikuwa na nafasi hata ya kupitisha fila (kibati cha kupimia nafasi) nyembamba. Vali isiyo na nafasi haikai vizuri kwenye kiti chake, haipoi, na huungua. Jihadhari na injini iliyonyamaza: vali zinazogonga kidogo zinakera tu, zilizokaza zinaua, na hazilii kabla.

Kuzirekebisha si kazi ngumu. Zungusha puli hadi rota itazame alama ya silinda namba 1 kwenye ukingo wa distribyuta. Toa kifuniko cha kulia kwa kubinua waya wake, legeza nati kwa spana namba 13, zungusha skrubu hadi fila ipite kwa kusugua kidogo, kaza nati, kisha pima tena kwa sababu nati huivuta skrubu. Namba 1 ni kulia mbele, 2 ni kulia nyuma, 3 ni kushoto mbele, 4 ni kushoto nyuma. Ukimaliza ya 1, rudisha puli nusu mzunguko kinyume cha saa upate ya 2, halafu ya 3, halafu ya 4. Andika vipimo kila mara. Vali moja ikipoteza nafasi tena ndani ya kilomita chache baada ya kurekebishwa, inarefuka. Usiirekebishe mara ya tatu. Shusha injini, toa silinda hedi.

Hii ndiyo sababu tunasema mwenye gari alikuwa na bahati kwamba koili ilizima injini. Kuzimika kila jioni kuliikinga namba 3.

Ushauri wa pampu ya umeme

Tuliukataa. Pampu ya asili husukuma kwa shinikizo dogo, kama 0.2 hadi 0.25 ya baa, na sindano ya kabureta imetengenezwa kwa shinikizo hilo. Pampu nyingi za umeme huzidi hapo, kabureta inafurika, na petroli inadondoka juu ya injini ya moto. Tena injini ikizima au gari likigongwa, pampu ya umeme isiyo na swichi ya usalama huendelea kusukuma. Kama tatizo lingekuwa kweli petroli kugeuka mvuke, la kukagua kwanza ni kipande cheusi cha plastiki ngumu kati ya pampu na injini, kinachozuia joto. Mara nyingi hukosekana. Kikiwepo, fimbo ya pampu itokeze milimita 13 juu yake ikiwa mahali pake pa juu kabisa.

Beetle nyingi zimeteketea kwa petroli, kwa hiyo hapa hatuna upole. Badilisha mipira yote ya mafuta, pamoja na ule ulio chini ya tanki mbele na ule wa juu ya giaboksi, na kila ncha iwe na klipu. Chujio la plastiki lililoning'inia juu ya distribyuta litoke, lihamie chini ya gari. Kijibomba cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta kimeshindiliwa tu na kiwanda. Kishike kwa vidole ukitikise. Kikicheza, kabureta isitumike hadi kifungwe upya. Kizima moto cha unga kikae karibu na kiti cha dereva, si kwenye buti ya mbele.

Kulitumia kila siku baada ya matengenezo

Vipuri si kikwazo. Beetle ya mwisho ya aina hii ilitoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21, na mipira, pointi, mikanda na mabati bado vinatengenezwa vipya. Ugumu wa barabara zetu nao ulishajaribiwa: Beetle ilishinda mbio za magari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962. Ila mbio ni mwendo, na mwendo unaipooza injini hii. Foleni ndiyo mtihani mgumu zaidi.

Ratiba ya kiwanda hesabu yake ni kilomita, na kilomita zinadanganya kwenye foleni. Oili ni lita 2.5 tu, haina chujio la karatasi bali wavu wa chuma, na nayo hubeba sehemu ya joto la injini. Kiwanda kilisema ibadilishwe kila kilomita 5,000. Kwa safari za Kimara hadi Posta ibadilishe kila 2,500 hadi 3,000, SAE 30 au 20W-50, na uoshe wavu kila mara kwa gasketi mpya. Nati sita za sahani ya chini zikazwe kidogo tu, kama Nm 7. Anayezikaza kwa nguvu zote hung'oa stadi kwenye alumini.

Mkanda wa feni ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati ushuke kama milimita 15. Hukazwa kwa kuondoa washa moja kati ya vipande viwili vya puli ya jenereta na kuihamishia nje, nati namba 21, bisibisi ikizuia puli isizunguke. Halafu dereva ajue hili kuliko yote: taa nyekundu ya chaji ikiwaka mkiwa mwendoni, pengine mkanda umekatika, na mkanda huohuo ndio unaozungusha feni. Kwenye baadhi ya magari yenye rejeta na feni ya umeme unaweza kujikongoja hadi nyumbani. Hapa simama mara moja. Mkanda wa akiba, spana 21, 13 na 10, pointi, kondensa, kebo ya klachi na kebo ya mafuta vikae ndani ya gari daima.

Foleni ikisimama kabisa, kama askari ameshikilia upande mwingine, zima injini na urudishe ufunguo mwisho. Klachi isikanyagwe wakati wote wa kusubiri. Weka gia huru. Kebo ya klachi ya Beetle hukatikia karibu na giaboksi pale mrija wake unapokosa mpindo unaotakiwa, na pedali iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kusukuma.

Breki ni za ngoma pande zote. Zirekebishe kila kilomita 5,000 kwa bisibisi kupitia tundu la kurekebishia, kaza hadi gurudumu ligome kisha rudisha meno mawili au matatu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa ya pwani, kwa hiyo yamwagwe yote kila miaka miwili hata yakionekana safi. Acha nafasi kubwa mbele kuliko magari ya kisasa yanavyoacha. Watakuingilia, na ni sawa.

Masika ina sheria yake. Bonde la Jangwani, ambalo Morogoro Road hulivuka, likijaa maji, Beetle isiingie. Puli ya injini iko chini, inarusha maji juu hadi kwenye distribyuta na koili, na sakafu yenye kutu hupitisha yaliyobaki. Kabla ya Machi inua kiti cha nyuma uangalie, upande wa kulia, bati lililo chini ya betri. Tindikali na unyevu hulila kabla ya sehemu nyingine yoyote. Na betri hiyo, iliyo chini ya kiti cha nyuma, iwe na kifuniko chake. Abiria mzito akikaa, springi za kiti hugusa vichwa vya betri, na nyasi za kiti zinashika moto mkiwa mnatembea. Kama kifuniko cha asili hakipatikani, kata kipande cha mpira mnene wa tairi la ndani, funika vichwa vyote viwili, na kifunge kwa kamba ya betri.